Kuchagua Bobu Inayokubaliana na Nywele Zako Katika Hewa ya Mombasa

Bobu, kwa maana ya ufundi wake, ni mkato ambao nywele zote, au karibu zote, huishia kwenye mstari mmoja ulio mahali fulani kati ya ndewe ya sikio na bega. Maelezo hayo ni mafupi, lakini ndiyo yanayoonyesha kwa nini mkato unaowapendeza wanawake wengi huwaumbua wengine. Nywele ndefu husitiri mengi, kama vile ncha zilizopasuka, upande mmoja uliojaa kuliko mwenziwe, au pasi iliyounguza mwaka jana. Bobu haisitiri, kwa sababu jicho la mtazamaji huenda moja kwa moja kwenye ule mstari, na mkasi ukishaondoka, mstari hushikiliwa na tabia ya nywele zenyewe.

Nimekata na kusuka nywele Mombasa kwa miaka kumi na sita, kwanza Majengo na sasa karibu na Makadara, na karibu kila mteja anayetaka bobu hufika na picha kwenye simu. Sina ugomvi na picha, kwani hunionyesha anachokitamani mtu. Hata hivyo, picha hiyo ilipigwa dakika chache baada ya pasi, katika chumba chenye kiyoyozi, na aliyepigwa hakuvuka Likoni kwa feri wala hakupanda tuktuk kwenda Kongowea saa saba mchana. Kwa hiyo kabla sijashika chanuo huuliza swali moja: nywele zako zikikauka zenyewe, bila draya na bila pasi, hukaa vipi? Wengi hunyamaza, na si ajabu, kwani wapo ambao hawajaziona nywele zao katika hali hiyo tangu utotoni.

Inafaa kujua pia kwamba mkato huu ulikuzwa juu ya aina moja ya nywele. Antoine, msusi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Paris, hutajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha mwaka 1909 akiwa na sura ya Jeanne d'Arc, msichana mpiganaji wa Ufaransa, akilini. Katika miaka ya 1920 ulienea Ulaya na Marekani. Na mwaka 1963, mjini London, msusi Vidal Sassoon alimkata mwigizaji Nancy Kwan bobu iliyokuwa fupi kisogoni na ndefu kuelekea kidevuni. Nywele za Nancy Kwan zilikuwa nyeusi, za singa, ambazo zikitikiswa hurudi mahali pake. Wazo la Sassoon lilikuwa kwamba nywele zikatwe kwa namna ambayo zikioshwa zitajipanga zenyewe, bila rola na bila dawa ya kupuliza. Wazo hilo linafaa kila kichwa, ila umbo alilolipata kwalo ni umbo la singa, na anayeiga umbo huku akiliacha wazo ndiye anayeamka alfajiri kila siku kupambana na pasi.

Jaribio la kufanya nyumbani kabla ya kwenda saluni

Chagua siku ambayo hutoki. Osha nywele kwa shampuu, zikamue taratibu kwa taulo bila kuzisugua, usitie mafuta, usizifunge, na usikae mbele ya feni. Ziache zikauke dirishani kwa muda wake, hata kama zitachukua nusu siku. Zikishakauka, ziangalie kwenye kioo kana kwamba ni za mtu mwingine, kisha uchunguze mambo manne.

La kwanza ni umbo, yaani kama zimelala wima, zimepiga mawimbi, zimejiviringisha kama pete, au zimejikunja kwa karibu sana kama kipilipili. Usishangae ukikuta kichwa kimoja kina maumbo mawili. Nywele za kisogoni mara nyingi huwa na mkunjo tofauti na za utosini, na msusi asiyelijua hilo ataukata mstari ulionyooka ambao kesho utapinda.

La pili na la tatu ni mambo ambayo watu huyachanganya: unene wa unywele mmoja mmoja na wingi wa nywele kichwani. Chukua unywele mmoja ulioanguka wenyewe kwenye chanuo, na usihofu kuukuta, kwani kichwa chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Uviringishe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kama huuhisi kabisa, nywele zako ni nyembamba. Kama unauhisi kama uzi wa kushonea, ni nene. Wingi huangaliwa utosini: simama penye mwanga bila kupasua njia, na ukiiona ngozi ya kichwa kwa urahisi, nywele zako ni chache. Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba lakini nyingi mno, au nene lakini chache, na kila mmoja ana bobu yake.

La nne, ambalo kwa nywele za kujikunja ndilo kubwa kuliko yote, ni kiasi zinachojivuta. Chukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ushike unywele mmoja kando ya uso, uunyooshe na uupime, kisha uuachie na uupime tena. Kama ulikuwa na sentimita 20 ukarudi kwenye 8, umepoteza zaidi ya nusu ya urefu. Nywele za kipilipili zilizobana sana huweza kubaki na robo tu ya urefu wake halisi. Andika hesabu hiyo mahali, maana utaihitaji kitini.

Nasisitiza jaribio lifanyike kwa hewa ya kawaida kwa sababu hewa yetu ni nusu ya kazi. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na baadhi ya viungo vinavyoshikilia umbo lake ni viungo dhaifu vinavyofunguka kwa maji au kwa joto, kisha vikajifunga upya nywele zinapokauka au kupoa. Draya na pasi hufanya kazi kupitia viungo hivyo hivyo. Mombasa, ambako upepo wa baharini hubeba unyevu mwaka mzima na zaidi wakati wa masika kuanzia Aprili hadi Juni, nywele zilizonyooshwa kwa joto hunywa unyevu huo na kurudi kwenye asili yake hata bila kuguswa na tone la mvua.

Nywele za singa

Kama ni nyembamba na chache, wewe ndiye uliye karibu zaidi na bobu ya kwenye picha, kwa sharti kwamba usikubali kupunguziwa kwa ndani. Taka mkato mmoja mnyoofu, usio na ngazi, yaani tabaka za urefu tofauti, unaoishia kidevuni au juu yake kidogo. Ncha zote zikifika mahali pamoja hurundikana na kutoa unene ambao kichwa chenyewe hakina, ilhali ukizikata ngazi ngazi zile chache ulizo nazo hugawanyika na mstari hubaki kama pindo la kanga lililochakaa. Mkasi wa meno usikukaribie, wala wembe. Kadiri bobu hii inavyorefuka kuelekea begani ndivyo inavyozidi kuonekana nyepesi, na ukitaka ionekane imejaa, hamisha njia ya nywele kutoka katikati hadi upande, kwani nywele zilizogeuzwa dhidi ya mazoea yake huinuka mizizini.

Singa nene na nyingi, ambazo huzikuta zaidi kwa wateja wenye asili ya Kihindi na Kiarabu, zina tatizo la kinyume. Uzito wake hushuka vizuri zikiwa ndefu, lakini zikikatwa fupi mno hukosa uzito wa kuzivuta chini na hutokeza pembeni kama ukingo wa kofia. Hizi hazifai kuishia sikioni. Ziache zipite kidevu kwa vidole viwili, kisogo kikatwe kwa daraja ili kisilemee, na mbele irefuke kidogo. Hapa mkasi wa meno una kazi yake halali, mradi utumike kwenye tabaka za ndani tu na usiguse mzizi wala ule mstari wa nje. Kuhusu mafuta, neno moja linatosha: singa hulainika haraka kwa jasho la pwani, kwa hiyo mafuta ya nazi yatiwe kabla ya kuosha, yasitiwe baada yake.

Nywele za mawimbi na za pete

Umbo ninalolichelea kuliko yote katika kundi hili ni la paa la makuti, yaani utosi uliolala na kingo zilizopanuka pande zote. Hutokea pale nywele za mawimbi zinapokatwa mstari mmoja zikiwa mbichi, kisha zikakauka na kutimka. Kila unywele hujivuta kidogo, uzito wote hukaa chini, na mteja hutoka na kichwa cha pembetatu. Dawa yake ni ngazi ndefu zilizofichwa chini ya tabaka la juu, ili mawimbi yapate nafasi ya kuingiliana badala ya kusukumana. Mkato wa kwanza uache sentimita mbili au tatu zaidi ya urefu unaoutaka, na umaliziwe nywele zikiwa kavu, katika mawimbi yake.

Mkato mfupi wa mashavuni wenye nywele zinazoangukia paji la uso, ambao wasichana huniletea kutoka kwenye simu zao, unaweza kuwapendeza sana wenye mawimbi mapana. Tahadhari yangu ni kwenye paji. Nywele za hapo hujivuta kuliko unavyodhani, na jasho la adhuhuri huzigeuza kamba. Zikatwe zifike puani kwanza, uishi nazo wiki moja, ndipo uamue kama zipunguzwe.

Nywele za kipilipili

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu wateja wangu wengi ni wa kundi hili na hapa ndipo nilipojifunza kwa kukosea. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, nilimpiga pasi mteja aliyekuwa akienda kwenye harusi, na nywele zikiwa zimenyooka kama uzi nikamkata bobu iliyofika tayani sawasawa. Alipotoka tulipiga picha. Saa mbili usiku, ukumbini, wanawake wakiwa katikati ya nyimbo, alinitumia picha nyingine na maneno machache: «Dada, upande huu mbona umenitoroka?» Upande wa kulia ulikuwa umepanda juu ya sikio, kwa kuwa nywele za upande ule zilijikunja zaidi kuliko za kushoto na mimi sikuzipima. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Tangu hapo sikati kipilipili zikiwa katika hali ambayo mwenyewe hatakaa nayo.

Kwa hiyo amua kwanza utazivaa vipi siku nyingi za wiki, kwani kila njia ina bobu yake.

Ukiamua kuzivaa kwa asili, bobu hukatwa zikiwa kavu na zimejikunja, na umbo lake ni la mviringo unaojaa zaidi usawa wa taya na kupungua kisogoni. Usitarajie mstari mkali kama wa wembe. Uzuri wake uko kwenye kivuli cha umbo zima. Hesabu uliyoandika nyumbani itumike sasa. Ikiwa kutoka kwenye njia ya nywele hadi kidevuni ni sentimita 22 na nywele zako hupoteza nusu, basi unahitaji unywele wenye sentimita 44 ukinyooshwa ili ufike kidevuni wenyewe. Wenye urefu huo ni wachache, na ndiyo maana bobu ya asili ya wengi wetu huishia sikioni, nayo hupendeza, hasa kwa mwenye shingo ndefu na vipuli vikubwa. Anayetaka ishuke zaidi anaweza kuzirefusha bila joto: azisokote usiku mbilimbili na kuzifungua asubuhi, au azifunge kwa uzi mweusi kama walivyofanya nyanya zetu, njia ambayo hunyoosha nywele vizuri na haiunguzi chochote. Atakayezoea kuzivaa zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye misokoto, na zikatwe zikiwa hivyo hivyo.

Njia ya pasi naishauri kwa shughuli ya siku moja tu na si kwa maisha ya Mombasa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Mwenye kuishikilia asikate bobu fupi juu yake, bali aiache ipite kidevu kwa sentimita nne au tano ili zikijivuta zisimwaibishe. Sipitishi nyuzi 150 za selsiasi kwa nywele nyembamba wala 180 kwa nene, na sijawahi kuona sababu ya kuvuka 200. Moshi unaotoka ukipitisha pasi mara nyingi huwa mafuta au maji yaliyobaki kwenye nywele, na vyote viwili ni ishara ya kusimama.

Dawa ya kunyoosha hufanya kazi nyingine kabisa. Alkali iliyomo hukata viungo vya salfa ndani ya keratini, na hivyo havirudi kwa unyevu, ndiyo sababu nywele za dawa hushika mstari wa bobu hata kwenye masika. Gharama yake ni udhaifu. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukirudia dawa kila baada ya wiki nane hadi kumi utakuwa na sentimita mbili hivi za nywele mpya zilizojikunja, na kwenye mkato mfupi hizo huonekana mapema, kuanzia kisogoni, ambako mstari huinuka na kugawanyika. Mshawishi yeyote anayekuambia upake dawa kila mwezi ili bobu ilale hakutakii mema. Dawa ipakwe kwenye nywele mpya peke yake, ioshwe mpaka povu la shampuu ya kuondolea dawa libaki jeupe, na mkato ufuate nywele zikiwa zimekauka. Kabla ya hayo yote, lowesha unywele mmoja na uuvute pole pole: ukirefuka kidogo na kurudi, endelea, ukirefuka kama ubani uliotafunwa kisha ukakatika, ondoka na dawa yako, ukate ncha zilizochoka na urudi baada ya miezi miwili.

Ipo njia nyingine, ambayo kwa kweli ndiyo bobu inayoonekana zaidi barabarani kwetu: wigi na rasta. Kwa wigi, jambo ambalo wanunuzi hulisahau ni kwamba hukatwa na kiwanda kwa kichwa kisicho cha mtu yeyote, kwa hiyo ilete saluni, uivae, na msusi asawazishe mstari kwa shingo yako. Chagua yenye wavu unaopitisha hewa na uzito mdogo, maana joto la Februari chini ya wigi nzito ni adhabu. Rasta za bobu zinafaa sana kwa anayeogelea au anayefanya kazi ya jasho. Ziishie kidevuni, ncha zichovywe kwenye maji ya moto ili zigeukie ndani, na zisisukwe kwa kuvuta. Ukitoka saluni na vipele kwenye panja au ukashindwa kulala kwa maumivu, zilivutwa kupita kiasi, na nywele za panja zikishang'oka kwa kuvutwa miaka mingi huenda zisiote tena.

Uso, shingo na bega

Wengi huanza na uso na kumalizia na nywele. Mimi hufanya kinyume, kwa sababu uso huweza kusaidiwa na sentimita mbili huku au kule, lakini nywele hazishawishiki. Kipo kipimo kinachohusishwa na msusi wa Uingereza John Frieda: weka kalamu mlalo chini ya kidevu, simamisha rula kutoka ndewe ya sikio hadi kwenye kalamu, na kama ni chini ya sentimita 5.7 basi inasemekana nywele fupi zitakufaa. Mimi hukitumia kama mchezo wa kumtuliza mteja mwenye wasiwasi, na nimewaona wengi waliozidi kipimo hicho wakapendeza mno.

Lililo na uzito zaidi ni mahali mstari unapoishia, kwa sababu jicho hutua hapo. Uso wa mviringo hupungua upana mstari ukishuka vidole viwili chini ya kidevu na mbele ikawa ndefu kuliko nyuma. Uso mrefu husaidiwa na mstari wa tayani pamoja na nywele chache kwenye paji. Mwenye taya pana asikate mstari unaogota tayani pale pale. Aupandishe au aushushe. Shingo fupi hutaka kisogo kilichokatwa juu, hata kama mbele ni ndefu. Na bobu inayogusa bega barabara, ambayo wengi huichagua kwa woga wa kukata fupi, kwa maoni yangu ndiyo yenye usumbufu kuliko zote, kwani nywele hugonga bega na kugeukia nje siku nzima. Ipite bega au isilifikie.

Kwa anayevaa mtandio

Miongozo mingi ya bobu hudhani kwamba nywele hushinda nje. Hapa kwetu wanawake wengi hushinda na buibui na mtandio, na nywele huonekana nyumbani, kwa mashoga, na kwenye shughuli za wanawake. Usiku wa kupamba, mitandio inapovuliwa, hakuna hadhira iliyo makini kuliko hiyo, kwa hiyo nisisikie mtu akisema kwamba mvaa mtandio hahitaji mkato mzuri.

Urefu uwe wa aina mbili tu: ama unaoweza kukusanywa na kubanwa kisogoni, ama ulio mfupi kiasi cha kutulia chini ya kofia ya ndani bila kibanio. Urefu wa katikati, usiobanika wala usiotulia, hutoroka mbele ya mtandio kila ukiinama, na utashinda ukizirudisha kwa kidole. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali ngazi fupi kandokando ya uso. Vile vishungi vinavyopendeza kwenye picha ndivyo vya kwanza kuchungulia nje. Kofia ya ndani iwe ya satini, maana pamba hunywa mafuta na kusugua mstari mpaka ncha zinapasuka. Pini isibane panja mahali pamoja kila siku.

Na usifunge nywele mbichi. Unyevu uliofungiwa kwa saa kumi kwenye joto letu huleta harufu, kuwasha na mba, na hakuna bobu itakayoonekana nadhifu juu ya ngozi inayokunwa. Kama asubuhi ni fupi, osha usiku.

Kitini

Neno linaloharibu bobu nyingi ni «nipunguzie kidogo», kwa kuwa kidogo cha msusi na kidogo cha mteja havijawahi kuwa kimoja. Onyesha kwa kidole mahali unapotaka nywele ziishie, na useme waziwazi kwamba ni zikiwa kavu. Mpe ile hesabu ya kujivuta. Lete picha ya nyuma pia, kwani bobu huanzia kisogoni, na uliza atakuwa anakata zikiwa mbichi au kavu. Msusi mzuri hatachukia kuulizwa, na akichukia umepata jibu. Kaa wima, miguu yote miwili chini, simu mkobani. Anayekatwa huku ameinamia simu hutoka na upande mmoja mrefu, halafu lawama humwendea mkasi.

Kabla hujasimama, shika unywele mmoja kila upande, ulio mbele ya sikio, uzivute zote mbili hadi chini ya kidevu uone kama zinakutana. Kisha tikisa kichwa na usimame, kwani mabega hushuka ukisimama na mstari hubadilika. Ikiwa ni kwa ajili ya harusi, kata siku kumi hivi kabla, upate nafasi ya kusahihisha.

Maji na marekebisho

Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri ndani yake, madini hubaki juu ya nywele, nazo hukauka, hufifia na kukwaruza chanuo. Kwa mwenye bobu hiyo ina maana ya mstari unaotimka. Si lazima uoshe kichwa kizima kwa maji ya kununua. Osha kwa ya kisima ukitaka, lakini suuza mara ya mwisho kwa lita mbili au tatu za maji matamu kutoka kwenye mtungi wa mkokoteni, na mara moja kwa wiki mbili tia vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya hayo maji kabla ya kumalizia. Baada ya kuogelea baharini fanya hivyo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mafuta ya nazi yana sifa ya kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo yapakwe saa moja au usiku mmoja kabla. Mwenye kipilipili ayatumie kwa ukarimu, mwenye singa nyembamba aguse ncha tu.

Bobu ya mkato mnyoofu irekebishwe kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa sentimita moja na nusu ya ziada tayari hushusha mstari kutoka kidevuni hadi shingoni. Yenye ngazi na ile ya asili huvumilia hadi wiki kumi au kumi na mbili. Mteja mpya mimi humwomba arudi mapema kuliko hapo, mara tu atakapokuwa ameosha nywele mwenyewe nyumbani na kuziacha zikauke, bila kuzichana vizuri kwa ajili yangu. Siku hiyo simtozi. Namkalisha karibu na mlango, penye mwanga na upepo wa barabarani, na vile vinyweleo viwili vitatu vilivyojivuta kuliko wenzake, ambavyo siku ya kwanza havikuonekana, ndivyo ninavyovisawazisha.